Nimeambiwa nimfukuze Ishmaeli, naye analala chumba cha pili

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Moshi, maeneo ya Pasua. Nina watoto wawili wa kike, mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo darasa la tano. Mume wangu ni dereva wa magari ya watalii na kituo chake ni Arusha. Msimu ukichanganya anaweza kumaliza hata wiki tatu bila kukanyaga nyumbani, leo yuko Tarangire, kesho Serengeti.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, alirudi usiku akiwa na mtoto wa kiume wa miaka 9. Sikuwa nimeambiwa kitu. Mtoto alilala kwenye kochi na viatu vyake miguuni, ndipo mume wangu akaniambia kwamba ni wake, alimzaa na mwanamke mmoja wa Arusha, na kwamba huyo mwanamke ameolewa Babati na mume mpya hataki kulea mtoto asiye wake. Nilipiga hesabu kimyakimya. Wakati mtoto huyu anazaliwa, mimi nilikuwa namnyonyesha binti yangu mdogo.

Mama, kuna jambo jingine. Baada ya huyo mdogo mimba zangu mbili ziliharibika. Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka za nadhiri, naomba mtoto wa kiume. Wewe unajua mambo ya huku kwetu. Kihamba cha baba mkwe, yaani shamba la ukoo, kiko Kibosho, na mume wangu ndiye kitinda mimba, nyumba ya wazee ni yake. Siku tulipompeleka mtoto kusalimia, mama mkwe alipiga vigelegele, akasema, "Sasa boma lina mwenyewe." Wanangu walikuwa wamesimama pale pale, wameshika mfuko wa sukari tuliowapelekea.

Mimi ni Mlutheri, ila Alhamisi jioni nasali pia na kikundi cha akina mama. Mwalimu wetu anafundisha kwamba hadithi za Biblia ni ramani ya roho. Misri ni utumwa wa dhambi, Yeriko ni ngome za mawazo, Goliathi ni hofu. Mafundisho hayo yalinishika mkono nilipopoteza mimba, sitaki kuyadharau. Lakini mwezi uliopita tulifika kwa Sara, mke wa Ibrahimu, na Hajiri mjakazi wake. Alisema Isaka, mwana wa Sara, ni ahadi na Ishmaeli, mwana wa Hajiri, ni mwili, na hao wawili hawakai nyumba moja. Alisema kila mmoja wetu ana Ishmaeli nyumbani kwake, na mpaka amtoe, ahadi yake haitazaliwa. Tulipotoka, wenzangu wawili walinishika bega, wakaniambia, "Umesikia mwenyewe, dada. Leo Mungu amesema na wewe." Nilimfuata mwalimu nikamuuliza kama ndivyo alivyokusudia. Akanijibu, "Roho atakuonyesha Ishmaeli wako ni nani."

Tangu hapo sina raha. Nafungua Mwanzo 21 na kukuta Mungu mwenyewe anamwambia Ibrahimu amsikilize Sara. Nimeanza kuamini tumbo langu limefungwa kwa sababu huyu mtoto yumo ndani. Nimepanga shule zikifungwa mwezi wa sita nimpandishe basi, nimfikishe Babati kwa mama yake, nimwache pale na begi lake, kisha nimpigie mume wangu simu nikiwa njiani kurudi.

Kosa la mtoto sijaliona. Sahani yake anaosha mwenyewe. Hawezi kunywa maji bila kuomba ruhusa. Ananiita kwa jina la binti yangu mkubwa, Mama Fulani, kama majirani wanavyoniita. Na begi alilokuja nalo hajawahi kulipakua. Kila asubuhi anatoa shati moja, na likishafuliwa na kukauka analikunja na kulirudisha humo.

Naomba uniambie, kusoma Biblia namna hii ni sawa? Nikimtoa nitakuwa nimetii? Na kwenye kikundi nibaki au niondoke?

Mama wa Wawili, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lililo la haraka. Usimpandishe huyo mtoto basi la Babati. Hata kama hutasoma neno jingine katika majibu yangu, hilo lishike. Unakompeleka kuna mwanaume aliyekwisha kusema hamtaki, na wewe unataka kumfikisha mlangoni pa huyo mwanaume bila baba yake kujua, kwa ushahidi wa fundisho la Alhamisi. Akidhurika huko, hakuna mwalimu wa kikundi atakayekuja kusimama na wewe kujibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamdai mzazi wake chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mumeo ndiye anayedaiwa hayo, na deni hilo haliishi kwa kumhamisha mtoto kimyakimya.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, kwa sababu naona hutafuti ruhusa tu. Unataka kujua kama Neno limesema.

Kusoma hadithi ya Biblia kama habari ya safari ya roho si uzushi wa mwalimu wenu, wala si jambo la makanisa ya juzi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu Waisraeli jangwani: "Basi mambo hayo yaliwapata wao kwa jinsi ya mifano, yakaandikwa ili kutuonya sisi." Na waliolishika jambo hili kwa nguvu mapema kabisa walikuwa watu wa bara letu hili. Aleksandria ya Misri, katika karne ya kwanza, Myahudi Filo alimsoma Hajiri kama elimu ya awali na Sara kama hekima ambayo mtu huifikia baadaye. Origene, mwalimu wa Kanisa aliyezaliwa katika mji huo huo karne iliyofuata, alikuja kuihubiri sura ya 33 ya Hesabu, ile ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu ni orodha ya majina ya vituo tu. Vituo ni 42, naye alivisoma kimoja kimoja kama hatua ambazo roho ya mtu hupanda ikitoka utumwani kuelekea kwa Mungu. Kwa hiyo ulipopoteza mimba ukajiona uko jangwani kama wana wa Israeli, na ukapata nguvu ya kuamka asubuhi, hukudanganywa. Ulikunywa kwenye kisima cha zamani sana, na ninafurahi kwamba ulikunywa.

Lakini kisima hicho kina utaratibu wake, na hapo ndipo mwalimu wenu alipouacha.

Ukisema unaisoma hadithi kwa ndani, basi watu wake wote wamo ndani yako. Sara ni wewe, Hajiri ni wewe, Ibrahimu ni wewe, na hata yule kijana ni wewe. Huwezi kuchukua kiti cha Sara ukakalia mwenyewe, kisha kiti cha Ishmaeli ukamwekea mtoto wa darasa la tatu. Ukifanya hivyo umeshatoka kwenye usomaji wa ndani. Sasa unaendesha kesi, na mshtakiwa hajui hata kwamba ameshtakiwa. Neno linaloitwa la rohoni lazima limgharimu anayelisoma. Likianza kumgharimu mwingine, tena aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, lina kasoro, hata kama limesindikizwa na kunena kwa lugha.

Ile sentensi, "Roho atakuonyesha Ishmaeli wako ni nani," imenikera, na ninaisema bila kuificha. Mwalimu alijua unamuuliza habari za mtoto. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, dada, simaanishi mtoto." Hakuisema. Alikurudisha nyumbani na wazo zito ubebe peke yako, na likiharibika liwe lako.

Utaniambia, mbona Paulo mwenyewe kaandika? Ndiyo, Wagalatia 4:30 inasema, "Mfukuze mjakazi na mwanawe." Lakini fungua barua yote uone anazungumza na nani. Wagalatia walikuwa wamempokea Kristo kwa imani, wakaja watu kuwaambia kwamba hawajakamilika mpaka watahiriwe na kuishika torati. Paulo anawaambia kwamba hadithi hiyo husemwa kwa mfano, kuwa wale wanawake wawili ni kama maagano mawili. Kinachofukuzwa ni ile njia ya kutaka kukubaliwa na Mungu kwa kitu ulichojipatia mwenyewe kwa mwili. Wala hapakuwa na mtoto wa mtu Galatia aliyekuwa akingoja kujua kama usiku huo atalala ndani au nje.

Na si wewe wa kwanza kuletewa mfano huu ukiwa umegeuzwa fimbo. Agostino, askofu wa Hipo, mzaliwa wa Thagaste iliyo Algeria ya leo, aliishi mwaka 354 hadi 430. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba mtu anayedhani ameyaelewa Maandiko, na uelewa wake haujengi upendo kwa Mungu na kwa jirani, huyo bado hajayaelewa. Nimeishi na kipimo hicho miaka mingi na sijakiona kikikosea. Lakini Agostino huyo huyo, alipokuwa na ugomvi na Wadonato, Wakristo wenzake wa Afrika Kaskazini, alimtumia Sara aliyemtesa Hajiri kama hoja ya kuhalalisha mkono wa dola uwalazimishe kurudi kanisani. Ikiwa bingwa wa namna hiyo aliteleza pale pale, kikundi cha Alhamisi nacho kinaweza kuteleza.

Ukiniruhusu, nikueleze habari nyingine ya Agostino, maana inakuhusu zaidi. Kabla hajaokoka aliishi miaka mingi na mwanamke ambaye hakumwoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodato. Mwanamke yule alirudishwa Afrika, na hilo ni jambo la kuhuzunisha hadi leo. Mtoto alibaki na baba yake. Bibi yake, Monika, yule mama wa maombi ambaye vikundi vingi vya akina mama wa Kikatoliki hapo Moshi vinamfahamu, aliishi naye nyumba moja. Mwaka 387, usiku wa Pasaka, Agostino alibatizwa Milano, na Adeodato alibatizwa pamoja naye, akiwa kijana wa miaka kama 15. Wokovu wa baba haukungoja mtoto atolewe nje.

Basi chukua Mwanzo, sura ya 16 na ya 21, tuzisome kwa ndani jinsi inavyopasa.

Mtazame Sara kwanza, maana wenzako wamekupa kiti chake na sidhani wamekitazama vizuri. Sara ameahidiwa, amengoja, amezeeka. Anaona Mungu anachelewa, anatengeneza mpango: nitapata mwana kwa mjakazi wangu. Mpango unazaa, na unapozaa unamuumiza. Sikufananishi naye kwa jambo la mumeo, mwanangu. Sara alimpeleka Hajiri kwa Ibrahimu kwa mkono wake, na wewe hukumpeleka mtu kwa mtu. Ulikosewa, na kosa ni la mumeo. Ila ndani ya moyo wako kuna mpango wa kujitengenezea ahadi, na umeuandika mwenyewe bila kuuita hivyo. Umefunga na kutoa nadhiri upate mtoto wa kiume. Kuomba mtoto si dhambi. Nauliza tu, unamtaka mtoto, au unataka mtu wa kukupa haki ya kukaa Kibosho? Mama mkwe alipopiga vigelegele, kilichokuchoma ni kwamba kwa maneno manne aliufuta uzazi wako wote, akawafuta na wanao wakiwa wamesimama mbele yake.

Huyo ndiye Ishmaeli wa Wagalatia 4, kama kweli unamtafuta. Ni ile imani iliyokukaa kwamba bila mtoto wa kiume wewe si mtu, na kwamba Mungu atakuhesabu kwa kipimo kile kile cha ukoo. Imani hiyo hukuizaa wewe, uliikuta huko uchagani imeota mizizi, ukailea. Hiyo ndiyo ya kufukuza. Na nakuonya, itakuuma kuiachia kuliko kumwacha mtoto kituo cha mabasi, kwa sababu ukishaiachia itabidi uwatazame binti zako wawili na kukiri kwamba ahadi imekuwa ikila ugali mezani kwako kwa zaidi ya miaka 10.

Sasa sogea kwa Hajiri. Katika sura hizo mbili, Sara na Ibrahimu hawamtaji kwa jina hata mara moja. Kwao ni "mjakazi", basi. Wa kwanza kumwita jina lake ni malaika, jangwani, penye chemchemi ya njia ya kwenda Shuri: "Hajiri, wewe mjakazi wa Sarai, unatoka wapi nawe unakwenda wapi?" Anaulizwa mawili, anajibu moja. Anasema anakokimbia kutoka. Anakokwenda hasemi. Nimeusoma mstari huo mara nyingi na watu walioumizwa, na karibu wote husimama hapo hapo. Na wewe ndipo uliposimama. Unajua unachokimbia: ule usiku wa kochi, vigelegele vya Kibosho, hesabu uliyopiga ya miezi ya kunyonyesha. Ukishatoka Babati na basi tupu, unakwenda wapi? Kaa na swali hilo mbele za Mungu, usiliharakishe.

Na wewe pia ni mwanamke ambaye nyumbani kwake watu waliamua bila kumuuliza. Kwa hiyo sala ya Hajiri ni yako: "Wewe Mungu uonaye mimi." Iseme jikoni, iseme ukiwa unatwanga. (Nikumbushe hapa, maana najua nani wengine wanasoma: malaika alimwambia Hajiri arudi kwa bibi yake akanyenyekee. Asitokee mtu akambebea neno hilo mwanamke anayepigwa. Hajiri aliambiwa arudi na Mungu aliyekuwa tayari anajua atamtoa lini. Wewe si Mungu huyo.)

Twende sura ya 21, kwenye mstari unaokutesa. Ni kweli, Mungu anamwambia Ibrahimu amsikilize Sara. Lakini usome kuanzia juu na uende mpaka chini. Kabla yake imeandikwa kwamba neno hilo lilikuwa baya sana machoni pa Ibrahimu, kwa ajili ya mwanawe. Baada yake Mungu anajifunga mwenyewe kwa ahadi kwamba mwana wa mjakazi naye atakuwa taifa. Yaani Mungu ndiye anayebeba gharama ya kijana, ndiye atakayekuwa jangwani mkate ukiisha. Wewe una ahadi gani juu ya huyu mtoto akifika Babati? Umesikia sauti gani? Mstari wa 12 ukiuchomoa peke yake umechukua kisu na kuacha mpini.

Halafu tazama hadithi inamfuata nani wakishafukuzwa. Haibaki hemani na Sara. Inatoka na Hajiri hadi nyika ya Beer-sheba, inahesabu kiriba kikiisha maji, inamwona mama akimlaza mwanawe chini ya kijiti na kwenda kukaa mbali asimwone akifa. Na imeandikwa, "Mungu akasikia sauti ya kijana." Mama ndiye aliyepaza sauti na kulia, lakini aliyetajwa kusikiwa ni kijana. Kisha Hajiri akafumbuliwa macho akaona kisima. Majirani zetu Waislamu wanaokwenda kuhiji Makka hutembea mara saba kati ya Safa na Marwa kumkumbuka mama huyu akimtafutia mwanawe maji. Ajabu yake ni kwamba sisi, tulio na sura nzima mkononi, tunaweza kukaa sebuleni tukamwita uchafu wa kutolewa nje.

Ukisoma kwa ndani, basi, usiishie kwenye mlango wa hema ambapo mtu anafukuzwa. Nenda mpaka kisimani. Ndani yako kuna kitu umekilaza chini ya kijiti na kukaa mbali nacho ili usikione kikifa, na nadhani ni zile mimba mbili. Umeandika habari zake kwa sentensi moja na ukapita haraka. Hukuzililia vya kutosha, mwanangu, ulirukia mfungo. Zirudie. Watoto wale wangekuwa na miaka mingapi sasa? Hilo Mungu analisikia, na halihitaji mtu yeyote afukuzwe ndipo lisikiwe. Tena tumbo halifungwi na mtoto wa watu kulala chumba cha pili. Mimba zilizoharibika zinahitaji daktari wa akina mama azitazame, na ukipenda nenda Mawenzi au KCMC, hospitali hazikosekani hapo ulipo.

Na Ibrahimu? Ibrahimu ndiye ninayemwona mara nyingi zaidi katika barua ninazopokea. Aliamka asubuhi na mapema, akatoa mkate na kiriba cha maji, akamwekea Hajiri begani. Hakusema kitu, au kama alisema hakikuandikwa. Mumeo amefanya lile lile kwa kinyume: ameleta mtoto, ameweka begani kwako, amerudi Arusha kazini. Hilo huwezi kuliombea tu. Msimu ukilegea mwite akae chini. Mwambie ulivyoumia, kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi. Mwambie mtoto anahitaji baba anayempigia simu jioni akiwa porini, na anayekuja kikao cha wazazi shuleni. Mwombe aende mwenyewe Kibosho kumwambia mama yake kwamba binti zake ni watoto wa boma lile. Hilo si kazi yako, ni kazi yake. Na suala la kihamba liongeleeni waziwazi na liandikwe. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ila mila ya urithi bado ina nguvu pale ambapo hakuna karatasi. Kwa hiyo mume wako aandike wosia mbele ya mwanasheria, na majina ya watoto wote watatu yawemo. Mkiona mazungumzo yanageuka ugomvi, mchungaji wako wa usharikani awe katikati yenu, ndiyo kazi yake.

Nakuongezea Mwanzo 25:9, mstari ambao kikundi chenu hakikufika. Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Unajua sisi tunavyozika, kaburi liko kihambani, kati ya migomba, na watoto wote wanasimama mstari mmoja kutupa udongo. Siku hiyo ikifika, binti zako watasimama na kaka yao. Watakavyotazamana siku hiyo kunategemea sana jinsi mwaka huu unavyopita hapo Pasua.

Kuhusu mtoto mwenyewe, sikudai upendo wa mama kesho asubuhi. Upendo wa namna hiyo hauamrishwi, na ukijilazimisha utachoka ukamchukia. Nakuomba mambo madogo. Leo hii mpe rafu kabatini, au hata katoni safi, na umwambie hiyo ni ya nguo zake. Mwache alipakue begi mwenyewe, kisha mlipandishe juu ya kabati pamoja. Mwambie maji ya kunywa hayaombwi humu ndani. Na umuulize angependa akuiteje. Kama atasema aendelee na Mama Fulani, mkubalie.

Mwisho umeuliza habari za kikundi. Nakushauri uende tena mara moja, Alhamisi ijayo, na usiende peke yako, ongozana na mzee wa kanisa au mama mtu mzima unayemheshimu. Fundisho likiisha, muulize mwalimu mbele ya wenzako wale wawili waliokushika bega: "Ulipofundisha habari za Ishmaeli, ulimaanisha mtoto aliye nyumbani kwangu?" Akijibu hapana, waziwazi, na wale wawili wakasikia, unaweza kubaki kama bado unapata chakula pale. Akijibu ndiyo, au akarudia kwamba Roho atakuonyesha, chukua Biblia yako na kanga yako urudi nyumbani. Jumuiya ya usharika wako inakutana, na nina hakika hapo mtaani kwako kuna mama mmoja au wawili walio tayari kuisoma na wewe Mwanzo kuanzia sura ya 12, taratibu, sura moja kwa wiki, hadi mfike Makpela.

Niandikie tena shule zikishafungwa.